Testosteroni haijazwi kama tangi

Kwenye nguzo za stima za Nairobi, kuanzia Gikomba hadi Kawangware, karatasi ni zilezile: nguvu za kiume, kurudisha mpenzi, kushinda kesi, na nambari ya simu chini. Hatua chache mbele yupo muuza mukombero na fungu lake la mizizi. Ukiingia jimu, hadithi haibadiliki, ila dawa imehamia kwenye kichupa na inadungwa matakoni. Wote watatu wanauza wazo moja: kwamba homoni ya kiume hupungua kama maji ya tangi wakati wa mgao, na tiba yake ni kujaza.

Mwili haufanyi hivyo. Mwanaume ambaye ubongo na korodani zake ni salama anacho kiwanda kinachofanya kazi kila usiku. Testosteroni yake ikishuka, mara nyingi si kwamba amekosa kitu cha kuongezewa, bali kuna kitu kimekikalia kiwanda hicho. Nacho huwa kimoja kati ya vichache: usingizi uliokatwa, kitambi, pombe, dawa fulani, na ajabu ya mambo, testosteroni yenyewe iliyotoka nje.

Amri hutoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni yake kwa mapigo, si kwa mtiririko. Tezi ya pituitari iliyo chini yake hujibu kwa kumwaga kwenye damu homoni nyingine iitwayo LH. LH ikifika kwenye korodani, seli za Leydig huchukua kolestroli na kuigeuza testosteroni. Ubongo nao huionja damu, na ukiona testosteroni imetosha unapunguza amri. Shika hapo, maana ndipo watu wa sindano wanapoumia.

Ndani ya damu, karibu testosteroni yote husafiri ikiwa imebebwa. Sehemu moja imeshikwa barabara na protini ambayo fomu za maabara huiandika SHBG, nyingine imeshikwa kwa ulegevu na albumini, na asilimia 1 hadi 3 tu ndiyo huru. Kwa hiyo jibu la maabara linaweza kushuka au kupanda kwa sababu mbebaji amebadilika, hali mzigo wenyewe uko vilevile. Tutalirudia kwenye kitambi na kwenye ini.

Kabla ya kulaumu homoni

Uchovu, hasira, kukosa mori wa kazi, kusahausahau: hayo yote hutajwa kama dalili, lakini katika jiji ambalo mtu hupoteza saa tatu kwa siku ndani ya matatu, yana sababu nyingine mia. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, uliochunguza wanaume zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, ulipochuja dalili zote uligundua kwamba zinazofuatana kweli na testosteroni ya chini ni tatu, tena zikija pamoja: hamu ya tendo kupungua, uume kutosimama alfajiri kama zamani, na uume kushindwa kusimama wakati wa tendo. Waliokuwa na dalili hizo tatu pamoja na kipimo cha chini walikuwa takriban wawili katika kila mia. Ni wachache sana ukilinganisha na karatasi za kwenye nguzo.

Ikiwa hamu ipo ila uume hausimami, elekeza macho kwenye mishipa ya damu kwanza: presha, kisukari, sigara. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huziba mapema. Pima presha na sukari kabla ya kupima homoni, ni vipimo vya bei nafuu na majibu yake yana uzito zaidi. Vidonge vya sildenafili vinavyouzwa kemisti havipandishi testosteroni hata kidogo, vinafungua mishipa tu. Mtu anayemeza dawa za moyo za jamii ya naitreti akizichanganya na vidonge hivyo, presha yake inaweza kuporomoka hadi afe.

Kipimo huharibikia kwenye chai

Makosa mengi ya kupima testosteroni hufanyika kabla sindano ya kutolea damu haijaingia mkononi. Homoni hii hupanda usiku, hufika kileleni asubuhi, na hushuka mchana, hasa kwa vijana. Ukipimwa saa nane mchana baada ya kazi, unapima mteremko. Damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi.

Nenda bila kula. Sukari tupu gramu 75, kiasi ambacho hospitali hutumia kupima kisukari, hushusha testosteroni kwa takriban robo, na hali hiyo hudumu saa mbili hivi. Sasa mfikirie anayepitia kibandani kwa chai ya maziwa iliyokolezwa sukari na mandazi mawili, halafu anaingia maabara. Kunywa maji tu. Kunywa chai baada ya kutoka.

Usipimwe ukiwa mgonjwa. Malaria, homa kali, upasuaji, hata mafua mazito, vyote huzima amri ya ubongo kwa muda. Subiri wiki tatu au nne baada ya kupona. Vilevile usipimwe asubuhi ya kutoka kwenye mkesha, na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, viache siku mbili tatu kabla, kwa sababu biotini huvuruga mashine nyingi za maabara na inaweza kukuletea jibu la juu lisilo la kweli.

Wafanyakazi wa usiku, soja wa geti, dereva wa lori, mhudumu wa wodi, wao saa yao imegeuka. Kwao kipimo kifanywe ndani ya saa mbili au tatu baada ya kuamka kutoka kwenye usingizi wao mkuu, hata kama ni saa kumi jioni, na fomu iandikwe hivyo.

Jibu likitoka, soma kizio kabla ya kusoma namba. Maabara moja huandika nanogramu kwa desilita, nyingine nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Mtu anaona 4.1 kwenye karatasi, anakumbuka alisoma mahali kwamba kawaida ni 264 hadi 916, anakosa usingizi wiki nzima. Lakini 4.1 kwa mililita ni 410 kwa desilita, sawa na nanomoli 14.2 kwa lita, na hiyo ni ya kawaida kabisa. Kutoka desilita kwenda nanomoli, gawanya kwa 28.8. Kipimo cha 264 hadi 916 ni cha vijana wa miaka 19 hadi 39 wasio wanene. Madaktari wengi wa mkojo hutumia 300 kama mstari wa kuanza kuuliza maswali.

Neno ni kuuliza. Jibu moja la chini halimfanyi mtu mgonjwa. Rudia asubuhi nyingine, baada ya wiki moja au zaidi. Likiwa chini tena, ndipo LH, FSH (dada yake LH, inayoamuru mbegu kutengenezwa), prolaktini (homoni nyingine ya pituitari) na SHBG zinapimwa. LH ikiwa juu, ubongo unapiga kelele na korodani hazijibu: ugonjwa uko chini. LH ikiwa chini au ya kati wakati testosteroni iko chini, amri ndiyo haitoki, na hapo ndipo mtindo wa maisha hujificha mara nyingi, ingawa pia uvimbe wa pituitari hukaa hapohapo. Prolaktini iliyo juu sana, kuumwa kichwa na kuona vibaya pembeni si mambo ya kusubiri.

Usingizi

Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha matokeo ya vijana 10 wenye afya, wenye wastani wa miaka 24, walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu. Kwa kulinganisha, uzee wenyewe huondoa takriban asilimia 1 kwa mwaka.

Saa tano za usingizi si jambo geni hapa. Mtu anayeishi Rongai, Kitengela au Githurai na kuingia kazini mjini saa moja na nusu asubuhi huamka saa kumi na robo. Akiwa ametazama mechi ya Ulaya iliyoanza saa tano usiku, hesabu imekwisha kuharibika. Na si wingi wa saa peke yake. Testosteroni huanza kupanda mtu anapolala, na inahitaji takriban saa tatu za usingizi usiokatika ili ifike juu. Anayelala saa mbili, akaamshwa na kelele za disko la mtaani, akalala tena saa moja na nusu, huwa anaanza mlima upya.

La kufanya si la ajabu, ila lifanywe kwa mpangilio. Anza na saa ya kuamka, kwa sababu hiyo matatu imekupangia. Hesabu nyuma saa saba na nusu. Hiyo ndiyo saa ya kuzima simu. Kama hesabu inakuambia saa tatu usiku na watoto bado wako macho, chukua saa sita na nusu za usiku na nusu saa ya mchana, kisha lala saa moja zaidi Jumamosi na Jumapili. Kulala mno wikendi hulipa sehemu ya deni, lakini hakulifuti. Kahawa na chai nzito zikome saa nane mchana: nusu ya kafeini ya kikombe chako bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Miraa na muguka ni wa kundi hilohilo. Mabishano kuhusu kama huua homoni moja kwa moja hayajaisha, lakini kwamba humwiba mlaji usingizi hilo halina ubishi, na wizi huo pekee unatosha.

Anayekoroma kwa nguvu, anayekatika pumzi usiku na kusinzia mchana hata akiwa amesimama kwenye foleni ya benki, huyo hata akilala saa tisa hajalala. Mueleze daktari, na mke ndiye shahidi mzuri. Kupunguza uzito husaidia pumzi na homoni kwa pamoja.

Kitambi ndicho mshtakiwa mkuu

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kote, na ndipo watu hawataki kusikia, labda kwa sababu Nairobi bado tunasema mtu mwenye tumbo ameomoka.

Mafuta ya tumboni si stoo tulivu. Yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi kinachoigeuza testosteroni kuwa estradioli, homoni ya jamii ya estrojeni. Estradioli ikizidi, ubongo unadhani kazi imetosha, unapunguza LH. Uvimbe wa chinichini wa tishu (inflamesheni) unaotokana na mafuta hayo nao hulegeza haipothalamasi. Insulini ikipanda kila siku, ini hutengeneza SHBG kidogo, na jibu la testosteroni yote linashuka kwenye karatasi. Kwa hiyo mtu mnene mwenye jibu la chini asikimbilie dawa kabla ya kukadiriwa testosteroni huru, maana huenda yeye ana upungufu wa mbebaji, si wa mzigo. Akiwa na kisukari cha ukubwani pia, mambo haya huja pamoja.

Pima kiuno, si kilo tu. Simama wima, tafuta ncha ya chini ya mbavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka futi ya fundi katikati yake, pumua nje kawaida, soma. Mwanaume akivuka sentimita 94 ameingia eneo la hatari. Kipimo cha suruali hakisaidii; wengi wetu huvaa mkanda chini ya tumbo na kujidanganya kwa miaka kumi.

Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanaume wanene waliopunguza kwa chakula takriban asilimia 10 ya uzito walipanda kwa nanomoli 2.9 kwa lita. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo na kupoteza karibu theluthi moja ya uzito walipanda kwa 8.7. Tafsiri yake kwa mtu wa kilo 95 mwenye jibu la 9: akifika kilo 85 na nusu, anaweza kuwa karibu na 12, yaani ametoka eneo la mashaka bila tone la dawa. Kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki hiyo ni miezi minne na nusu. Asiharakishe zaidi ya kilo moja kwa wiki. Njaa kali nayo huzima amri ya ubongo, na mtu anayekula mlo mmoja wa mboga kwa siku huku anakimbia anaweza kushusha homoni kwa muda hata uzito ukipungua.

Pa kukata? Vinywaji kwanza. Soda huwa na takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya nusu lita ni gramu 50 na zaidi. Pili, vya kukaanga vya njiani: chapati ya pili, mandazi, chipsi za saa mbili usiku. Ugali punguza uwe saizi ya ngumi yako, kisha jaza nusu ya sahani kwa sukuma wiki au kabichi, robo kwa maharagwe, ndengu, omena, mayai au nyama. Protini ilenge gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoutaka, ili kinachopungua kiwe mafuta na si misuli. Usiondoe mafuta yote chakulani. Majaribio machache ya vyakula vya mafuta kidogo sana yalionyesha testosteroni ikishuka kidogo, na parachichi, karanga na mayai havijamkosea mtu.

Chupa

Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina takriban gramu 17 za pombe halisi. Kota ya mililita 250 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina karibu gramu 80. Yaani aliyemaliza kota peke yake amekunywa bia karibu tano, na mzinga wa mililita 750 ni bia kumi na nne. Watu husema "mimi nilikunywa kidogo tu, kota" kwa uso mkavu kabisa.

Pombe nyingi kwa mkupuo hugonga pande mbili. Kwenye korodani, kazi ya kuivunja pombe huzitumia zana zilezile ambazo seli za Leydig zinahitaji kutengeneza testosteroni, na sumu inayobaki huziumiza seli hizo. Kichwani, LH hupungua. Usingizi wa mlevi nao ni mfupi na umekatikakatika, hivyo usiku huo kiwanda hakifunguki vizuri. Mtu akiacha baada ya usiku mmoja, mwili hujirekebisha kwa siku chache. Akiendelea miaka, ini huharibika, SHBG hupanda, na hapa mambo hugeuka kinyume cha mtu mnene: testosteroni yote huonekana ya kawaida kwenye karatasi huku iliyo huru imepungua. Matiti kuvimba, korodani kusinyaa na nywele za mwili kupungua kwa mnywaji wa muda mrefu ni ishara za hatua hiyo.

Bia moja au mbili kwa siku moja moja hazijaonyesha madhara ya maana kwa homoni. Anayetaka kujua hali yake halisi aache kabisa kwa majuma sita, kisha apime. Ila anayekunywa kila siku tangu asubuhi asikate ghafla peke yake nyumbani, kwa sababu degedege la kuacha pombe huua. Huyo apitie hospitali.

Sigara ina kisa cha kushangaza. Tafiti nyingi huwakuta wavutaji na testosteroni iliyo juu kidogo kuliko wasiovuta. Si sifa. Sigara hubana mishipa ya uume na kuharibu mbegu, kwa hiyo namba nzuri kwenye karatasi haikusaidii chumbani. Bhangi nayo huonekana zaidi kwenye idadi ya mbegu kuliko kwenye testosteroni.

Chuma

Kunyanyua vyuma hupandisha testosteroni kwa dakika kadhaa, na ndani ya saa moja imerudi ilikokuwa. Mpando huo haujengi misuli wala hamu, msitishane nao. Faida ya mazoezi huja kwa njia ndefu: misuli hula sukari, insulini hushuka, kiuno hupungua. Mara tatu kwa wiki zinatosha. Kuchuchumaa na uzito, kuinua uzito kutoka sakafuni, kusukuma, kuvuta. Kila moja seti tatu za marudio 6 hadi 12, uache ukiwa bado unaweza mbili zaidi. Ongeza kutembea dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kushuka stendi mbili kabla ya yako, asubuhi na jioni, kunaifikisha hesabu hiyo bila kulipia chochote.

Wapo pia wanaozidisha. Mkimbiaji anayepiga kilomita 100 kwa wiki kuzunguka msitu wa Karura, anakula kama ndege ili abaki mwepesi, anaweza kuwa na testosteroni ya chini kuliko jirani yake mwenye kitambi. Mwili ukikosa nguvu za kutosha huondoa uzazi kwenye orodha ya mahitaji. Dalili ni uume kutosimama alfajiri, mifupa ya mguu kuuma, mafua yasiyoisha. Dawa ni chakula: ongeza kalori 300 hadi 600 kwa siku, punguza kilomita kwa theluthi kwa wiki kadhaa. Kuongeza mizizi juu ya njaa ni kazi bure.

Mukombero, soya na mafuta taa

Haraka haraka. Mukombero umejaribiwa zaidi kwa panya. Utafune kama unapenda ladha yake. Zinki husaidia mwenye upungufu wa zinki tu. Mwanaume anahitaji miligramu 11 kwa siku, na kuvuka 40 kila siku kwa muda mrefu kunamfukuzia shaba mwilini. Nyama, omena na mbegu za maboga zinatosha, na maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yakamwagwa hutoa zinki yake kwa urahisi zaidi. Vitamini D haijapandisha testosteroni kwenye majaribio mengi. Soya haishushi: uchambuzi wa majaribio mengi umeangalia na haukukuta kitu, kwa hiyo kula vipande vya soya kwenye mchuzi kwa amani. Na yale mafuta taa ambayo kila aliyepita bweni anaapa yalimwagwa kwenye githeri ili kupoza wavulana? Mafuta taa ni sumu ya tumbo na mapafu, hayana kazi ya homoni. Wavulana walipoa kwa uchovu wa kuamshwa saa kumi alfajiri.

Joto ni kesi ya mbegu kuliko ya homoni. Korodani hupenda kuwa nyuzi mbili hadi nne chini ya mwili, na mwanaboda anayekalia injini siku nzima, au mtu anayeweka kompyuta mapajani, afikirie mbegu zake. Zinachukua siku kama 74 kutengenezwa, kwa hiyo mabadiliko ya leo yatapimwa baada ya miezi mitatu.

Dawa za kemisti

Hii haitajwi inavyostahili. Dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini na morfini huzima LH kwa nguvu, wakati mwingine ndani ya wiki chache. Kijana anayemeza tramadoli ili "afanye kazi ndefu" au achelewe kumaliza tendo anajishushia homoni anayodhani anailinda. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, hufanya vivyo hivyo zikimezwa kwa muda mrefu, nazo hujificha ndani ya vidonge vya kunenepa na unga wa "mitishamba" wa maumivu ya viungo unaofanya kazi haraka mno kuwa wa mitishamba. Ukiwa umezitumia zaidi ya wiki tatu, usizikate ghafla. Zinapunguzwa polepole na daktari, maana tezi zako za juu ya figo zimelala. Vidonge vya ketokonazoli (dawa ya fangasi) pia vimo kwenye orodha hii, pamoja na spironolaktoni (dawa ya moyo na presha).

Upo pia mshuko usiohitaji tiba. Utafiti wa mwaka 2007 kuhusu wanaume wa Ariaal, kaskazini mwa Kenya, uliwakuta vijana waliooa wakiwa na testosteroni ya chini kuliko wasiooa. Na ule wa Cebu, Ufilipino, wa mwaka 2011, ulionyesha ikishuka baada ya mwanaume kuwa baba, zaidi kwa wale wanaotumia saa nyingi kumlea mtoto. Baba wa mtoto wa miezi mitatu asiende kupima. Alale.

Sindano

Rudi kwenye ule ubongo unaoionja damu. Testosteroni ikiingizwa kwa sindano, ubongo unaiona, unazima LH na FSH, na kiwanda kinafungwa. Ndani ya korodani, ambako kiwango huwa juu mara nyingi zaidi kuliko kwenye damu, testosteroni hukauka, na bila hiyo mbegu hazitengenezwi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliijaribu kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, miligramu 200 kila wiki ziliwaondolea wanaume wengi waliodungwa mbegu zote, kwa kawaida ndani ya miezi minne hivi. Miligramu 200 kwa wiki ni kipimo ambacho jimuni huitwa cha kuanzia.

Hilo si kosa la dawa. Mwenye ugonjwa uliothibitishwa huipata kwa kipimo kidogo, huku damu yake ikifuatiliwa, kwa sababu testosteroni huongeza chembe nyekundu. Asilimia ya chembe hizo ikivuka 54, dawa husimamishwa. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, damu ya mkazi huwa nzito kidogo hata kabla ya kuanza, na mtu anayejidunga bila kupima anatembea na hatari ya damu kuganda bila kujua.

Kwa aliyekwisha jidunga na sasa anatafuta mtoto, au ameacha na amebaki bila hamu: usirudie chupa nyingine "ya kujisawazisha". Andika kila ulichotumia, majina, miligramu, wiki, hata kama chupa ilikuwa na lebo ya kubuni. Pima testosteroni ya asubuhi, LH, FSH, na shahawa baada ya siku mbili hadi saba za kujizuia. Miezi ya kwanza itakuwa mibaya: uchovu, huzuni, uume baridi, kwa sababu dawa imetoka na amri bado haijarudi. Kwenye majaribio ya kupanga uzazi yaliyotumia vipimo vya wastani, theluthi mbili ya wanaume walirudi kwenye mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi sita, tisa katika kumi ndani ya mwaka, na karibu wote ndani ya miaka miwili. Waliochanganya dawa nyingi kwa miaka huweza kuchelewa zaidi. Daktari wa homoni au wa mkojo ana dawa za kuamsha LH au kuiga kazi yake, zikiwemo hCG na klomifeni, na huamua kwa majibu hayo ya damu. Shahawa zirudiwe kila baada ya miezi mitatu, na kama mke amevuka miaka 35, yeye naye apimwe sasa, bila kusubiri korodani ziamke.